Siku Niliyogeuka Mhandisi Ifakara

Kosa langu lilikuwa kuitikia tu. Mimi fundi uashi wa Michenga nilikwenda maonyesho ya vifaa vya ujenzi Ifakara nimevaa koti la shemeji. Langoni waandaaji wakanilaki: "Shikamoo mhandisi! Tunakusubiri ukague."

"Marahaba," nikajibu, nikapitishwa banda kwa banda nikiguna kama msomi.

Kwenye matofali ya saruji nikagonga moja. "Mchanga umezidi," nikatamka. "Masika haya matofali yatayeyuka." Muuzaji akafura.

Mara mhandisi mwenyewe akaingia. "Na huyu ni nani?"

Nikatamani ardhi inimeze. "Fundi tu, mzee. Nisamehe."

Akalishika tofali lile, akalikwaruza kwa kucha, likamomonyoka. Akanigeukia mbele ya umati wote.

"Fundi, tangulia. Mimi nakufuata."