Chupa Niliyoiosha kwa Sabuni

Chupa ya mvinyo iliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na Mama akaipokea kwa astaghfirullah tatu.

Tulikuwa tunakaa China, mjini Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tano, vyumba viwili na jiko. Baba alikuwa akinunua chupa za chai kiwandani na kuzipeleka Dar. Mwenye kiwanda tulimwita Laoban, yaani bosi, kama anavyoitwa kila mwenye mali huku. Huyo Laoban ndiye aliyetuletea zawadi ya mwaka wao mpya: sanduku la mbao, na ndani yake mvinyo mwekundu wa Kifaransa, wa mwaka ambao Baba na Mama walikuwa bado hawajaoana. Baba hana lugha ya kukataa. Lugha ya kukataa ninayo mimi, maana mimi ndiye mkalimani wake, lakini nina aibu. Basi tukapokea kwa mikono miwili, kama adabu yao inavyotaka.

Chupa ikaenda kukaa chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Sanduku Mama akalitia vitunguu. Alisema mbao hazina dhambi.

Sandukuni mlikuwa na kijikaratasi cha Kifaransa. Nilikipeleka kwa jirani yetu wa juu, Mkongo aliyekuwa akisafirisha vitenge, Mkristo, mtu wa watu. Alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akavua kofia.

"Weee, mutoto! Hii iko ya shato! Shato unajua? Nyumba kubwa, na shamba yake, na babu ya babu!"

Akanisomea yote. Shamba liko juu ya kilima cha kokoto, karibu na mto. Udongo wenyewe ni maskini, hata mchicha ungekataa kuota. Lakini mizabibu kwa dhiki hiyo hushusha mizizi mbali sana, na ndiyo maana zabibu zake zina utamu wa peke yake. Ukoo mmoja umelishika kwa vizazi sita, na sasa mwenye shamba ni bibi mjane ambaye hukagua mapipa akiwa na mshumaa mkononi. Chupa hulazwa gizani, bila kelele, bila kutikiswa, na kadiri zinavyozidi kunyamaza ndivyo zinavyozidi kuwa bora.

Niliyaandika yote daftarini. Nilikuwa na miaka kumi na sita ya kukaa pembeni nikinyamaza, na hakuna aliyewahi kuniambia nazidi kuwa bora. Mama alikuwa akisema nitaozea ndani.

Dar niliacha nimemaliza kidato cha pili. Hapa, mwaka na nusu, sikuwa nimeona ubao. Kichina changu kilikuwa cha sokoni: ghali mno, punguza, na lile neno linalotosha kuishi Guangzhou, mei you, hakuna. Nikaamua kukifanya kile kijikaratasi kuwa shule yangu. Nilikitafsiri kwa Kichina, sentensi moja kwa siku, kwa kamusi, nikawa nakikariri kwa sauti mbele ya beseni la nguo. Sikuwa na kitabu kingine.

Mwezi wa nane Baba akatoa hukumu.

"Ama unaingia kidato cha tatu hapa, ama unapanda ndege kwa shangazi yako Magomeni. Kurudishwa nyuma sitaki kusikia. Mtoto wangu si gari."

Kwa shangazi kulikuwa na cherehani inayonisubiri, na mtoto wa mwenye nyumba naye ananisubiri. Kati ya hao wawili, cherehani ndiyo iliyokuwa na adabu. Nililia kwa siku mbili, kimyakimya, kama kawaida yangu.

Ikawa bahati kwamba Laoban alisoma darasa moja na mwalimu mkuu wa shule fulani. Akatupangia chakula cha mchana pamoja naye. Sasa mkono mtupu haulambwi, hilo wanalijua Wachina kama tunavyolijua sisi. Nikamuuliza Laoban kwa simu mwalimu mkuu anapenda nini. Akasema anapenda mvinyo mwekundu. Tukageuka sote watatu kulitazama sinki.

"Mimi sitoi pombe," akasema Baba.

"Sasa nani anatoa?" akauliza Mama. "Na aliyeibeba naye analaaniwa."

"Ataibeba jirani. Dini yake haina neno na hiyo. Mimi nitakuwa nimemsindikiza tu jirani yangu."

"Mpaka mezani?"

"Jirani ana haki zake, mke wangu."

Asubuhi ya siku yenyewe nikaitoa chupa. Niliona aibu. Imejaa vumbi, karatasi yake ina madoa na ukungu kama godoro la kikojozi. Kwetu mtu hapelekewi zawadi chafu, hata kama zawadi yenyewe ni haramu. Nikaisugua kwa sabuni ya unga na steelwaya. Karatasi ikatoka vipande vipande, chupa ikang'aa. Nilipoinyanyua dirishani nikaona tope limeganda chini, nikaitikisa kama dawa ya kikohozi mpaka ikachanganyika vizuri.

Mama akaniamuru ninawe mara saba, moja kwa udongo.

"Hiyo ni ya aliyelambwa na mbwa," akasema Baba.

"Basi na chupa hii ni mbwa," akasema Mama.

Jirani alipoiona akakaa kwenye ngazi. "Mutoto," akasema polepole, "umeua ule bibi."

Chupa nyingine hatukuwa nayo. Tukaenda.

Mezani kulikuwa na samaki mzima, na Baba alikula huyo samaki tu. Laoban akaikodolea macho ile chupa iliyo uchi, kisha akamgeukia Baba. "Rafiki yangu, ile niliyokupa mimi ilikuwa na karatasi nzuri, na sanduku. Mmeshaimaliza?"

Nikatafsiri huku nimeinama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kama nisingeiosha, Laoban angeitambua zawadi yake mwenyewe, na chakula kingeishia hapo.

"Mwambie haimo tena nyumbani," Baba akajibu, kwa utulivu wa mtu anayetoka kuswali.

Laoban akafurahi sana.

Mwalimu mkuu, mtu mwembamba mwenye muhuri kwenye mfuko wa shati, aliigeuza chupa huku na huku. "Haina jina. Nitajuaje kama si siki?"

Jirani, aliyejua kila kitu, hakuwa na Kichina. Baba akanikanyaga mguu. Nikafumbua mdomo, na shamba lote likatoka: kilima cha kokoto, mto, mizizi, vizazi sita, bibi na mshumaa wake. Sikumtazama mtu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema Kichina kisicho na bei ndani yake. Nilipofika kwenye bila kutikiswa, nikairuka sentensi hiyo.

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa kwa heshima. Laoban akafungua chupa, akamimina kitu cha rangi ya matofali ndani ya bilauri za maji, akajazia soda ya ndimu na barafu, na wote wawili wakanywa hadi tone la mwisho kwa pumzi moja. Jirani alikuwa amefumba macho.

"Mtamu," akasema mwalimu mkuu. "Soda inausaidia sana."

Kisha akanigeukia. Aliniuliza hesabu za herufi. Aliniuliza habari za wafalme wao. Akaniandikia maneno kwenye kitambaa cha karatasi nisome. Kila swali, kichwani mwangu, lilijibiwa mei you. Akacheka kwa upole, akatoa fomu, akaandika, akagonga muhuri pembeni ya mifupa ya samaki.

Nilisoma alichoandika. Mwaka wa kwanza, pamoja na watoto wa miaka kumi na miwili.

"Amesemaje?" akauliza Baba.

"Amekubali."

"Kidato cha ngapi?"

Baba hasomi Kichina. Jirani naye hasomi. Na Laoban hajui neno la Kiswahili. Kati yake na Baba nipo mimi tu.

"Cha tatu, Baba."

"Alhamdulillahi!" Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni.

Siku ya kufungua shule alinisindikiza mpaka getini, ingawa nilimsihi asije. Wenzangu walikuwa wamepanga mstari, mrefu wao ananifikia kifuani. Baba akawatazama mmoja mmoja kwa huruma.

"Masikini," akasema, "kidato cha tatu, na bado wafupi hivi. Ule vizuri, mwanangu."

Nikamwambia sawa, Baba, nikaenda kusimama nyuma yao.