Msafara wa Riziki Ulivyopita Mwanga Kinyumenyume

Tukikaa marafiki na watu wakaanza kutoleana aibu zao, mimi huwa nasubiri wamalize wote, kwa sababu ya kwangu ikishatoka hakuna anayetaka kusimulia tena. Kama yupo mwingine aliyewahi kuongoza msafara wa harusi upande usio wake wa barabara, sokoni Mwanga, Kigoma, Jumamosi, matarumbeta yakilia, basi ajitokeze nimpishe kiti.

Ilikuwa miaka ile ya ukimbizi. Mimi na dada yangu Riziki tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Uvira, Kongo, na kupokewa na mama mdogo Ujiji. Riziki akapendwa na Edga, mwalimu kijana wa Simbo (mpole mpaka unamwonea huruma), na pande zote mbili zikaridhika isipokuwa shangazi yake Edga, Shangazi Veronika, ambaye alikuwa akipita kwa watu na kusema kwamba wakimbizi wale watamleta bibi harusi kanisani kwa miguu, viatu mkononi. Neno likatufikia. Riziki hakulia, alishinda siku nzima akichambua dagaa waliokwisha chambuliwa, na kwa dada yangu hilo ni zaidi ya msiba. Mimi nikasema, gari nitakodi, na nitaliendesha mwenyewe.

Hilo la kuliendesha mwenyewe ndilo lililoniponza. Mzee Sadiki, mwenye gereji pale Mwanga, alikuwa akiwakodisha magari wageni wa kila rangi waliojaa mjini kwa ajili ya kambi za wakimbizi, na mimi alitaka kunipa na dereva. Nikakataa. Nilikuwa nimeendesha pikapu ya baba kwenye milima ya kwetu, barabara nyembamba kama mkanda, huku jabali, huku bonde, na chini kabisa ziwa linameta kama jicho linalosubiri ukosee. Mwanga ingenifanya nini? Mzee akashusha pumzi, akanipa mawaidha anayowapa wageni wote: huku tunapita kushoto, siyo kulia kama kwenu, kwenye kiplefti, ule mzunguko wa njia panda, unazungukia kushoto na unampisha aliyekwisha kuingia, baiskeli yenye madumu ya mawese ikiteremka mlima usiitegemee, breki haina, na swichi ya indiketa iko mkono wa kulia. Nikawa naitikia tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, macho yangu yako kwenye boneti, nawaza utepe mweupe utafungwaje.

Padri alikuwa na misa kambini mchana wa siku ile ile ya harusi, naye alishatuonya kwamba kengele ikilia bibi harusi hayupo, ndoa inasogezwa mpaka Jumamosi nyingine. Na sote tulijua Shangazi Veronika angeweza kufanya nini kwa wiki nzima.

Kutoka Ujiji nilikwenda vizuri sana, kwa sababu mbele yangu kulikuwa na basi nikalifuata kama kifaranga. Nyuma yangu msafara: teksi, magari ya ndugu zake Edga waliokuja kutuchukua, pikapu ya matarumbeta, na mwisho kabisa gari la Shangazi Veronika. (Na kwenye msafara wa harusi, jamani, hakuna anayelipita gari la bibi harusi. Likisimama mnasimama, likikata kona mnakata. Ndiyo heshima yenyewe.) Tulipoingia Mwanga basi likakata kwenda stendi, nikabaki mimi na barabara nyeupe, na mikono yangu, bila kuniuliza, ikanirudisha nyumbani polepole. Ikanipeleka kulia.

Na msafara wote ukaja kulia.

Nikaona watu wanapunga mikono kando ya barabara. Nikataka kuwasha indiketa ili nionekane dereva wa maana, nikawasha waipa. Jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu, na waipa zikaanza kufagia maua tuliyoyabandika asubuhi kwenye kioo, huku na huku, huku na huku. Kwenye kioo cha nyuma nikaona teksi nayo imewasha waipa, kisha gari lililofuata, kisha lile jingine. Waliamini ni desturi ya harusi za Kikongo. Riziki akauliza watu wale wanataka nini. Nikamwambia wanatupongeza.

Kwenye kiplefti nikazungukia kulia, kwa mbwembwe, na hapo nikakutana pua kwa pua na lori la magunia ya mahindi ya kambini. Dereva wake akazima injini, akatoa kipande cha muwa akaanza kutafuna. Nyuma yake basi, nyuma ya basi sijui nini. Pembeni akina mama wa dagaa na mafungu yao, baiskeli, mikokoteni. Matarumbeta, kwa kudhani tumesimama ili tutazamwe, yakapandisha sauti.

Trafiki akaja taratibu.

"Dada, leseni unayo?"

"Ninayo, afande. Ya kwetu."

Akaigeuza, akairudisha. "Hii inasema unajua kuendesha. Haisemi wapi."

Soko zima likacheka. Shangazi Veronika alikuwa amekwisha shuka na kuja mpaka dirishani, kitenge kimemkaa vizuri kuliko siku zote, akasema bila hata kupaza sauti, "Afadhali mngekuja kwa miguu." Nikatamani ardhi inifunike. Ndipo mkono wa Riziki ukanishika bega, mkono wenye hina mpya.

"Mdogo wangu," akasema, "nifikishe."

Njia ilikuwa moja tu: sisi turudi nyuma. Madereva wa msafara walipojaribu, mmoja akaenda mshazari mpaka kwenye mafungu ya dagaa, mwingine akazimikiwa na gari, na matusi niliyoyasikia kwa Kiha siyatafsiri. Nikavua viatu vya kisigino. Baba yangu alinifundisha kurudi nyuma kabla hajanifundisha kwenda mbele, kwa sababu barabara ya kwetu ukikutana na lori la bia, anayerudi ni wewe. Nikakimbia peku mpaka gari la mwisho. Shangazi alikuwa amerudi ndani na akakataa kushuka, basi nikamrudisha naye akiwa amefumba macho.

Na hapa ndipo Mungu aliponikumbuka. Ukigeuza shingo kutazama nyuma, usukani wa kulia unakuwa kushoto kwako, kama wa pikapu ya baba. Na gari lililopotea upande, likirudi kinyumenyume, linakwenda sawa na magari ya upande ule. Kwa mara ya kwanza tangu niingie Mwanga nilikuwa naendesha kihalali! Nikalirudisha la Shangazi, nikakimbia, nikaipeleka pikapu na wapiga matarumbeta wake wakiwa juu (hawakuacha kupiga), nikakimbia tena, gari baada ya gari, gauni nimelifunga kiunoni, na kila nililoliweka upande wake akina mama wa dagaa walipiga vigelegele. La bibi harusi likawa la mwisho. Nililirudisha kwa mstari mmoja, utepe haukuguswa, na trafiki akasimamisha mji mzima kwa mkono wake ili tupite. Lori la mahindi likapiga honi ndefu.

Tulifika padri akiwa mlangoni, kamba ya kengele mkononi, anatutazama tunavyoteremka kilima kwa upande wa kushoto kama watu waliozaliwa Kigoma. Riziki akaingia kanisani kichwa juu, nami nyuma yake, peku, miguu ina magamba ya dagaa.

Wakati wa chakula Shangazi Veronika alikuja kuketi karibu yangu. Hakuomba radhi, si kawaida yake. Alinimegea nyama ya sahani yake, akasema binti yake naye anaolewa baada ya mavuno, na gari nitaendesha mimi.

Nilimjibu kwa adabu zote kwamba harusini nitakuja, na nitacheza mpaka chini, lakini tangu siku ile nimeapa: katika nchi ya watu, mimi na msafara ni kiti cha nyuma.

"Basi kaa nyuma," akasema, "ila uwe karibu. Wanaojua kwenda mbele ninao wengi."