Viazi Nilivyovinyoa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema hivyo bila aibu, ingawa jeshini tabia hiyo haina cheo. Wenzangu walipenda kambi mpya na hadithi za kambi mpya. Mimi nilipenda blanketi, ugali wa moto, mke wangu na kelele za watoto, na ili niweze kuvitunza hivyo vyote nikakaa mbali navyo miaka thelathini na miwili. Nilitoka kidato cha nne nikaingia ukuruta, nikapanda polepole kama lori la majani ya chai linalotoka Lupembe wakati wa masika, nikastaafu na nyota tatu begani. Kapteni. Mke wangu husema zile nyota ni za hoteli niliyokuwa nikiishi.

Nyumba yetu iko pembeni ya mji wa Njombe, kwao mke wangu. Kwetu mimi ni Ludewa, kule chini ziwani, tunakokula muhogo na samaki na kulala bila shati. Njombe nilifuata mapenzi. Baridi yake sijaizoea mpaka leo, na yenyewe haijanizoea.

Kila likizo nilishuka Makambako, na pale njia panda ndipo nilipojiandaa kuwa baba. Nilinawa vumbi la safari, nikabadili shati, nikasugua viatu, nikanunua mikate na sukari, kisha nikapanda gari la Njombe huku nikifanya mazoezi ya kutabasamu. Nyumbani nilikuta watoto wamevaa nguo za kanisani hata kama ni Jumanne. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Nilipewa kikombe chenye maua na kiti chenye kitambaa kilichofumwa. Baada ya siku kumi nikaondoka. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kugombana nami, na mimi nikadhani hiyo ndiyo amani ya ndoa.

Siku zilizobaki niliwapenda kwa simu. Kila Jumapili jioni nilipiga, nao wakapanga foleni kama wanaokwenda kuchanjwa.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, baba."

"Shule?"

"Nzuri."

"Mpe mama."

Nilipostaafu, nilifikiri mambo ya wageni yamekwisha. Wiki ya kwanza nikapewa kuku. Ya pili, kuku. Ya tatu nikaanza kuwaonea huruma kuku wenyewe.

Ni lazima nieleze kuhusu jiko letu. Kama nyumba nyingi za huku, liko peke yake nje, la kuni, na humo ndimo watu wanamoishi hasa. Sebuleni kuna makochi na baridi. Wakubwa wetu wawili wameoa na wanafanya kazi mbali. Alibaki binti wa mwisho, anayengoja kwenda chuo cha ualimu. Yeye na mama yake walikaa jikoni mchana kutwa wakipiga soga kwa Kibena, lugha ya huku, wakicheka mpaka masufuria yanaitikia. Mimi niko sebuleni na kikombe changu chenye maua, nasikiliza. Nikiingia, Kibena kinakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kinaanza Kiswahili, tena cha adabu.

"Baba, unahitaji kitu?"

"Hapana. Nimekuja tu."

"Chai tunakuletea huko huko, baba, usipate shida."

Nikarudi kwenye kochi. Zilibaki wiki tatu binti aondoke, na katika wiki hizo tatu nilitaka jambo moja tu: kuacha kuwa mgeni wa mtoto wangu mwenyewe.

Basi nikaamua kujituma. Nilitandika vitanda vyote kijeshi, shuka likikazwa mpaka ukidondosha sarafu inaruka. Nilipanga kuni kwa urefu. Walinishukuru. Walinishukuru sana, kama unavyomshukuru mgeni aliyeosha sahani yake.

Ndipo siku moja wakaenda msibani, nikafungua stoo. Kwenye chaga kulikuwa na viazi, kama magunia mawili, na vyote vimeota vipele vya zambarau. Nikasikitika. Nikajiona mwokozi. Muhogo naujua, kiazi nilikuwa nimekutana nacho kwenye mesi ya kambini tu, na kwenye mesi kiazi kilichoota hakipiti mbele ya afisa. Nikaketi nikavikwangua kimoja kimoja kwa kidole gumba, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kisha nikavifuta kwa kitambaa, nikavipanga safu tatu kama gwarideni, wakubwa nyuma.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni mwa stoo.

"Afande," aliniita. Huniita hivyo akinitania, lakini siku hiyo sauti haikuwa ya utani.

"Naam, mama."

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayengoja nishani.

"Hii ni mbegu. Nilikuwa napanda Jumamosi."

"Sasa utapanda ikiwa safi."

Akakaa juu ya gunia tupu. "Hivyo ulivyokwangua ndiyo mashina yenyewe. Nimevilea humu gizani miezi miwili. Vitaota tena, sawa, lakini mvua itavisubiri? Mvua nayo iko chini yako?"

Halafu akalipuka. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kibena, akarudi Kiswahili ili nisikose neno. Kwamba nyumba hii imesimama miaka thelathini bila kukaguliwa. Kwamba kuni za kuwashia moto hazionekani tangu nizipange. Kwamba kama nimechoka kukaa, nikalinde benki. Binti akaja mbio, akachungulia, akaziba mdomo.

"Mama, amevinyoa kama makuruta!"

Mama yake alijitahidi kuendelea na hasira. Hakuweza. Walicheka wakishikana, nami nimesimama kwa ukakamavu, uso wa kijinga, na moyoni raha isiyo na maelezo. Mgeni hatukanwi.

Mchana huo hakuna aliyeleta chai sebuleni. Mvua ikaanza, baridi ikanisukuma hadi jikoni. Hakuna aliyeinuka. Nikageuza ndoo nikaikalia. Walikuwa wanajadili mbegu, kama ndugu yao wa Matamba anaweza kuwagawia.

"Afadhali hili," binti akasema. "Siyo kama mwaka ule wa paa."

"Paa lipi?" nikauliza.

Wakatazamana. Ikabidi waniambie. Upepo uling'oa mabati ya nusu nyumba. Walilala kwa jirani mwezi mzima. Binti, wakati huo yuko darasa la pili, akapata homa ya mapafu, akalazwa. Nilipiga simu zile Jumapili zote, naye akashika simu akiwa amelala kitandani hospitali, akasema hatujambo.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungefanya nini?" mke wangu akajibu, macho kwenye sufuria. "Ungeliamuru paa lirudi? Ungekosa usingizi tu, na wewe ndiye mwenye bunduki."

Moshi wa kuni una faida yake: mtu akifuta macho haulizwi. Nilikaa nikilitazama lile dari jeusi, nikifikiri kwamba paa la ile nyumba nililijenga kwa mshahara wa miaka, na lilipong'oka nilikuwa mahali fulani nikikagua vifungo vya mashati ya watu.

"Na mengine?" nikasema.

"Mengine yapi, baba?"

"Ambayo hamkuniambia."

Mke wangu akasukuma kuni ndani. "Mwambie tu," alimwambia binti. "Wewe Jumatatu unaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki naye."

Binti akanyoosha vidole aanze kuhesabu. Akataja moja, mama yake akamsahihisha, wakabishana ilikuwa mwaka gani. Akaendelea. Alipomaliza mkono wa kwanza, akahamia wa pili.