Awor Nyuma ya Lori la Mafuta

Awor aliliogopa gari lile tangu siku lilipoingia uani. Lilikuwa dogo, la otomatiki, rangi ya fedha, mtumba wa Japani. Mumewe, Ofumbi, alishuka akishikilia mlango kwa mkono wa kulia, uso umemchanua kama mtu aliyetoka kufunguliwa pingu.

Ofumbi alikuwa dereva wa malori. Kwa miaka mingi alibeba saruji kutoka Tororo mpaka Juba na kila mara alirudi mzima. Kiharusi kikamkuta nyumbani, ameketi kitandani anafunga viatu. Mdomo ulianza kuteremka upande mmoja, kisha maneno yakamtoka hovyo, kisha akaanguka. Uhai ulibaki, na mkono wa kushoto ukarudi kidogo kidogo. Mguu wa kushoto ulikataa kabisa. Hakuna mwenye lori aliyekuwa tayari kumwajiri mtu asiyeweza kukanyaga klachi, kwa hiyo Ofumbi alishinda kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, akiyasikiliza malori yanavyobadilisha gia mlimani na kuitaja kila gia kwa sauti ya chini.

Rafiki yake Emojong, fundi wa magari, ndiye aliyemtafutia gari lile.

"Gari hii haina klachi," Emojong alieleza. "Mguu ya kulia peke yake inatosha. Inapeleka mama kazini, inarudisha, na hainywi mafuta mingi."

Kazi ya Awor ilikuwa Busia, mpakani. Alikuwa na chumba karibu na soko, vyerehani viwili, na wateja wa sare za shule kutoka pande zote mbili za mpaka. Nyumba yao ilikuwa Tororo. Kwenda na kurudi kila siku kulikuwa kunamchosha, hilo hakulikana.

"Baba Ritah," alimwambia mumewe usiku ule, "daktari alisema nini?"

"Alisema nisikae bure."

"Alisema pia inaweza kurudi."

Ofumbi alikuwa anakifuta kioo cha pembeni cha gari kwa kitambaa.

Wakaanza kusafiri. Awor aliketi kushoto, mkoba mapajani, na hakuiangalia barabara. Aliuangalia mdomo wa mumewe. Akagundua njia ya kumpima bila kumuudhi: alimuuliza maswali. Mvua itanyesha? Shemeji yako wa kule Petta amevuna? Ritah akifunga shule tumpikie nini? Jibu likija limenyooka, alipumua. Baada ya kilomita chache aliuliza tena. Ofumbi alimwambia Emojong kwamba mke wake amekuwa na maneno mengi siku hizi, tena alionekana kufurahi. Awor hakumfunulia sababu.

Miezi ikapita hivyo, hofu ikiwa abiria wa tatu. Watu walimpongeza kwa kuwa na gari. Alishukuru, na moyoni aliomba siku iishe.

Alhamisi moja walikuwa wanarudi mapema, kabla jua halijapoa. Walikuwa wameupita mji wa Busia kitambo na Jiwe la Tororo, ule mlima wa mwamba, lilikuwa limeanza kuonekana mbele, jeusi juu ya miti. Malori yalikuwa mengi. Awor akauliza kama kawaida:

"Emojong atakuja lini kuangalia tairi?"

"Sufuria," akasema Ofumbi.

Awor akadhani hakusikia vizuri. "Umesema nini?"

"Sufuria... ya... ya..." Mdomo ukateremka. Safari hii ni upande wa kulia. Mkono wake wa kulia uliteleza ukabaki umening'inia juu ya usukani, na uzito wake ukauvuta. Gari likaanza kuhamia upande wa pili wa barabara, polepole, kama linalokwenda mahali linapopajua. Basi lilikuwa linakuja. Awor aliona kioo chake kizima, akaona na miwani ya dereva.

Hakupiga kelele. Aliushika usukani kwenye ule mfuniko wa manyoya aliomshonea mumewe, akavuta kwake kwa nguvu zote. Basi likapita likipiga honi, na upepo wake ukalitikisa gari zima. Lakini mguu wa Ofumbi ulikuwa umekaza kwenye kikanyagio cha mafuta, na injini ilizidi kulia.

Awor hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Kitu kimoja tu alikijua juu ya gari lile: msimu wa mvua, likikwama kwenye matope ya uani, Ofumbi alisukuma kijiti cha gia mpaka kwenye herufi N ndipo watu wakaweza kulisukuma. Akakishika kijiti akakisukuma mbele. Injini ikanguruma bila kazi, na gari likaanza kujiendea tu. Akauinamia mguu wa mumewe, akaung'oa kwa kuushika gotini. Kisha akainua breki ya mkono, kidogo, kidogo tena, huku mkono mwingine ukiuelekeza usukani kwenye majani. Likasimama limeinama ukingoni mwa mtaro.

Ofumbi alikuwa anapumua. Jicho moja lilimwangalia. Lilijua kila kitu, na hilo lilimtisha Awor kuliko kama lingekuwa limefumba.

Lori la mafuta lililokuwa nyuma yao likasimama. Dereva akaja mbio, kijana mwembamba wa Kenya, kofia mkononi.

"Mathe, mama yangu, niliona gari inayumba. Ni nini?"

"Kiharusi. Ni mara ya pili. Tafadhali mpeleke hospitali."

Kijana akaangalia lori lake, akaangalia barabara. Tayari watu wawili walikuwa wametokea shambani na kulikaribia lori. "Nikiacha hiyo petroli hapa, watafungua koki, na sigara moja tu itatuua sote. Siwezi, Mathe. Na kwa lori mlango uko juu mno, tutamwangusha. Wee hujui kuendesha?"

"Sijui."

Walijaribu kusimamisha magari. Moja likapita, la pili likapita, la tatu likapunguza mwendo, abiria wakachungulia, likaenda. Ofumbi akatoa sauti kooni. Kijana akamvuta Ofumbi taratibu mpaka kiti cha kushoto, akamfunga mkanda, akamwinamisha kichwa upande ili mate yasimpalie. Halafu akamfungulia Awor mlango wa dereva.

"Naitwa Brayo. Nisikize. Hii ni otomatiki, haina mambo mingi. Mguu wa kushoto uuweke chini ya kiti, uusahau. Wa kulia ndio wa kazi. Hii kubwa ni breki, hii nyembamba ni mafuta. Ukiogopa, kanyaga kubwa. Mimi nitaenda mbele na taa zote, mdogo mdogo. Wewe fuata lori tu. Usiangalie kitu kingine."

"Nitamuua," Awor akasema.

"Ukikaa hapa je?"

Akaketi. Kiatu kimoja kilimtoka, akakiacha. Brayo alimwambia akanyage breki, akashusha ile ya mkono na kuweka kijiti kwenye D, akamwambia aendelee kukanyaga mpaka lori liondoke, akakimbia. Lori likaondoka. Awor aliinua mguu, na gari likaanza kutambaa lenyewe kabla hajagusa chochote. Alikanyaga breki kwa hofu, kichwa cha Ofumbi kikaenda mbele kikarudi. "Nisamehe, Baba Ritah." Akainua tena.

Njia nzima aliona kitu kimoja: mgongo wa tangi na maandishi mekundu, HATARI, MAFUTA. Alijua kwamba akilikaribia mno, yatakwisha yote, wao na kijana yule na walio kandokando. Akibaki nyuma mno, bodaboda zilijipenyeza katikati na alipoteza maandishi yale, naye akahisi amezama. Jasho lilimwingia machoni, hakuthubutu kutoa mkono kulifuta. Aliendelea kumuuliza mumewe maswali, jina la mama yake, jina la kijiji chao, huku akiisikiliza pumzi yake. Mara moja pumzi ilinyamaza. Awor hakugeuka. Alihesabu nguzo za umeme, moja, mbili, ndipo pumzi ikakoroma tena.

Kwenye njia panda ya mjini, Brayo alilikingamisha lori lake katikati ya barabara, akazuia magari ya pande zote. Watu walimtukana. Alitoa mkono dirishani, akamwonyesha Awor apite. Kuanzia pale Awor alikuwa peke yake, kati ya wauza matunda na watoto wa shule, mguu ukielea juu ya breki. Aligonga nguzo ya lango la hospitali, taa ikapasuka, na mlinzi alikuja kwa hasira. Alipoona aliyekuwa ndani, alifungua mlango mwenyewe.

Ofumbi alipona nusu. Siku ya tatu alitamka jina la Awor, na daktari alisema wangechelewa zaidi asingetamka tena lolote. Brayo alikuja jioni moja kwa bodaboda, akamwachia mgonjwa maziwa, akaenda zake. Kabla hajaondoka, Awor aliishika mikono yake yote miwili.

Gari lilikaa uani muda mrefu. Awor alitaka liuzwe. Lakini Ofumbi alihitaji kupelekwa mazoezi kila wiki, na vyerehani vilikuwa Busia. Emojong akaanza kumfundisha Awor kuendesha, kila Jumapili, kwenye uwanja wa shule huko Kwapa. Somo la kwanza alitapika kabla hajaingia ndani. La pili pia. Akaendelea mpaka akapata leseni.

Leo anaendesha mwenyewe. Hapiti lori lolote, hata likienda kama konokono, na madereva walio nyuma humpigia honi mpaka wachoke. Wakati mwingine, basi likija mbele yake kwa kasi, mikono hupoteza nguvu ghafla. Hapo huwasha kiashiria, huingia kwenye majani, hukanyaga breki kwa mguu mmoja na kukaa pale, mumewe kando yake, mpaka vidole virudi kuwa vyake. Kisha huangalia kioo, na huingia tena barabarani.