Maharaja Apewa Alama ya Kandambili

Maharaja wetu, Takhat Singh wa Bhinwada, alizaliwa ufalme ukiwa umeshafutwa, ila hakuna aliyemwambia. Watumishi waliendelea kumwinamia, mama yake aliendelea kumwita mwana wa jua, naye akakua akiamini kwamba hata jua lenyewe lina habari. Alipelekwa shule ya watoto wa wakubwa, akarudi na masharubu bila cheti. Kasri likageuzwa hoteli ya watalii, yeye akahamia vyumba vya juu ya jiko, ndiyo maana mpaka leo mashati yake yananuka vitunguu.

Chama kimoja kikaona anafaa kugombea ubunge. Uchaguzi wa kwanza hakuomba kura kwa mtu: alipita mjini juu ya tembo wa kukodi, akapunga mkono, wazee wakatokwa machozi, akashinda. Kwenye bunge la jimbo kule Jaipur alisimama mara moja tu muhula mzima, akaomba feni ya upande wake ipunguzwe kasi. Muhula wa pili hata hilo hakulisema. Sisi washona viatu wa mtaa wa chini tulikuwa hatumpi kura, wala hakugundua. Wazee wetu walishona viatu vya mji mzima, lakini wao, kwa kuwa ni watu wa tabaka la chini, wakipita mbele ya lango la kasri sharti wavue vyao wavibebe mkononi, hata mchanga uwe unachemka. Kwa ajili hiyo niliapa kwamba mtu yule hapati kura yangu mpaka maiti yangu inaingia motoni.

Uchaguzi wa tatu chama kikamtosa, kikamchukua mwuza saruji, Ghevar Chand. Takhat kwa hasira akagombea peke yake. Wagombea wasio na chama hupangiwa alama na ofisi ya uchaguzi, maana wengi wetu tunapiga kura kwa kutazama picha. Mmoja akapata ndoo, mwingine feni. Maharaja akapata kandambili. Mji ulicheka mpaka mbavu zikauma. Na tembo safari hii hakupatikana. Akianguka hapo, kazi iliyobaki ilikuwa kusimama mlangoni mwa hoteli kupigwa picha na watalii.

Basi mchana mmoja wa Mei, mwezi wetu wa joto kali, akaingia mtaani kwetu, wapambe nyuma, kandambili mpya ameziinua juu. Shangazi yangu Dhapu, kikongwe asiyemwogopa mtu, alikuwa kibarazani anapepeta uwele.

"We Takhat," akamwita, "hizo umekuja kutuuzia sisi?"

Wapambe wakataka kumnyamazisha, maana hakuna aliyewahi kumwita yule kwa jina tupu. Yeye akawazuia, akasema amekuja kuomba baraka za mama.

"Baraka zipo. Vua viatu vyako, vishike mkononi, nenda mpaka mwisho wa mtaa urudi. Mama yangu alikuwa anapita hivyo hivyo langoni kwenu."

Nilijua ataondoka. Masharubu yalimcheza. Kisha akainama, akavua, akaanza kutembea. Hatua za mwanzo zilikuwa za kifalme. Katikati ya mtaa alikuwa anarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, nasi tukacheka tukashikana mabega. Aliporudi machozi yamemlengalenga, kicheko kikakatika chenyewe. Akakaa chini, kando ya ungo wa shangazi.

"Mama yako alipita hivi mara ngapi?" akauliza.

"Kila siku. Kisima kilikuwa ng'ambo ya lango lenu."

Shangazi akachota maji kwenye mtungi, akammwagia miguuni polepole, naye akayatazama yanavyozama mchangani. Roho iliniuma, na iliniuma zaidi kwamba inaniuma kwa ajili yake. Baadaye akainuka, akaondoka akichechemea, viatu bado mkononi, wapambe wakimfuata.

"Mpumbavu huyu," shangazi akasema, "kasahau kuomba kura."

Siku ya uchaguzi nilisimama mbele ya mashine ya kupigia kura nikijitukana, nikabonyeza kandambili. Mwuza saruji alishinda kwa mbali. Shangazi Dhapu hakusema kura yake alimpa nani, ila matokeo yalipotangazwa alitoka kibarazani akatutukana mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, kila mtu kwa jina lake.