Ringi ya Bibi

Juzi nilienda Karema, nikakuta wamefunga king'ora kipya cha uokoaji pale ufukweni. Kijana anayekilinda alikijaribu, na mimi hapo hapo nikaikumbuka ringi ya Bibi.

Ilikuwa ringi ya lori, imening'inizwa kwenye nguzo, inanuka kutu na dagaa. Ziwa likichafuka, Bibi aliigonga kwa nyundo ili wavuvi wajue nchi kavu iko wapi. Kazi hiyo aliachiwa na babu.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mvua ilificha ziwa lote, na baba alikuwa huko huko ndani. Bibi, mama yake mzazi, aligonga mara moja, akanyamaza. Akagonga tena, akanyamaza. Mimi nikaona anazembea tu, hata hana uchungu na mwanawe.

"Mama, gonga haraka bwana!" mama alilia, akataka kumnyang'anya nyundo.

"Hebu toka hapa! Nikikimbiza, watasikiliza saa ngapi?"

Sikumwelewa kabisa. Leo najua kwamba kule majini walikuwa wanaacha kupiga makasia, wanatega sikio, ndiyo wanageuza mtumbwi kuufuata mlio.

Mtumbwi ulipotokea kwenye mvua, watu waliukimbilia, mama akaanguka mchangani huku anacheka. Bibi aliendelea kugonga, taratibu vile vile, macho kayafumba. Baba alipanda hadi pale kwenye nguzo, nguo zinachuruzika maji, akaushika mkono wenye nyundo.

"Mama, basi. Nimeshafika."

Bibi akagonga tena, akanyamaza, ndiyo akafumbua macho.