Mguu Wangu Mgonjwa na Gambuti la Mke Wangu

Mwaka jana damu iliniganda mguu wa kushoto. Tangu hapo, hata mwiba ukinichoma nawazaga jeneza.

Juzi tukipalilia pamba na mke wangu hapa Mugeta, mguu uleule ukabana, ukauma hadi nikatoka jasho. Tukakimbilia hospitali Bunda. Nikaipita foleni nzima nikilia, "Nipisheni jamani, nakufa!" Mpaka mama mjamzito akaniachia zamu yake.

Nesi akanivua gambuti kwa kulivuta mara tatu. Akalitazama, kisha akaitazama miguu ya mke wangu: gambuti moja dogo, jingine kubwa linampwaya.

"Baba, mguu tutaupima. Lakini hili si la mama?"

"Nilimwambia tangu asubuhi," mke wangu akajibu, foleni yote ikisikia. "Akasema mwanamume hafundishwi kuvaa."